Kuingia kazi ya ushauri wa waraibu ukiwa umevuka arobaini

Wanaoniuliza njia ya kuingia kazi hii si vijana waliotoka fomu foo. Ni mwalimu aliyechoka na chaki, karani wa bandarini aliyepunguzwa kazini, mama aliyemhangaikia mwanawe wa unga (heroini) mpaka akakijua kila kituo cha pwani, mzee aliyeacha pombe na anahisi ana deni kwa waliobaki kilabuni. Wote huuliza kama wamechelewa. Hawajachelewa. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba Mkenya mmoja katika kila sita wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja, na watumiaji wa pombe peke yao ni zaidi ya milioni tatu. Kazi ipo, na katika kazi hii mvi hazina ubaya.

Kinachowakwamisha watu wa rika letu ni utaratibu. Wanalipa karo kwanza, halafu ndipo wanajua kama kazi yenyewe wanaiweza. Hapa nimeugeuza utaratibu huo. Nimefuata njia ya Kenya kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa ndani, na Tanzania nitaigusa pale inapoachana na yetu.

Hatua ya kwanza: ujue umesukumwa na nini

Kama unaingia ili umwokoe mtoto, mume au ndugu yako, jua mapema kwamba huyo hatakuwa mteja wako. Maadili ya kazi yanakataza kumshauri mtu wa damu yako, na hata yasingekataza, isingewezekana. Huwezi kusikiliza kwa utulivu habari za mtu aliyeuza simu yako. Mpe mshauri mwingine, wewe ubaki mzazi. Elimu utakayoipata itakusaidia nyumbani, ila kwa njia ya mzunguko: utaacha kulipa madeni yake ya maskani, utaacha kumsingizia ugonjwa kwa mwajiri wake.

Kama wewe mwenyewe umepona, una kitu ambacho chuo hakifundishi, na vituo vingi vimejengwa na watu kama wewe. Lakini usiingie kazini ukiwa bado unahesabu miezi. Ningependa mtu awe na angalau miaka miwili imara kabla ya kukaa kwenye kiti cha mshauri, kwa sababu kutwa utasikia habari za kete, za sindano na za ladha ya glasi ya kwanza, na mwili una kumbukumbu yake. Tena kupona kwako ni njia moja tu. Yule aliyeachia msikitini asidhani kila mtu ataachia msikitini, na aliyeachia kwa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, asimcheke wa mikutano ya hatua kumi na mbili, nitakayoigusa mbele.

Na kama umesukumwa na kuichoka kazi ya sasa tu, endelea kusoma, lakini hatua ya pili usiiruke.

Hatua ya pili: kaa ndani kabla ya kulipa

Tafuta kituo cha kurekebisha waraibu, kliniki ya methadoni au kituo cha kutwa, uombe kujitolea Jumamosi. NACADA inayo orodha ya vituo ilivyoviidhinisha, anzia humo. Nenda na barua fupi, nakala ya kitambulisho na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ambacho huombwa kupitia eCitizen. Utapewa kazi ndogo: kupanga mafaili, kugawa chai, kumsindikiza mtu maabara. Ikubali. Kwenye foleni ya chai utajifunza mambo ambayo hayamo katika daftari lolote.

Kliniki ya methadoni ndiyo ningekutuma kwanza kama uko karibu nayo. Tanzania ilitangulia: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa hiyo Februari 2011. Kwetu ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha ikashuka pwani, Malindi ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Simama kando ya dirisha la dawa asubuhi moja. Mteja anataja namba yake, anapewa dozi yake ya maji katika kikombe kidogo, anakunywa papo hapo mfamasia akimtazama. Kisha anaongezewa maji, anayanywa, na anasemeshwa kidogo: "Habari ya nyumbani?" Lazima ajibu, ili ionekane mdomoni hamna kitu, dawa haikufichwa shavuni ikauzwe nje ya geti. Anajibu, anatoka, anaenda kazini au anaenda kukaa chini ya mwembe. Kesho anarudi. Wapo wanaoona kitendo hicho wakasema, "Sasa huyu ameacha nini, si amebadilisha dawa tu?" Wengine wanaona mtu ambaye leo hakuiba, hakujidunga na amekumbuka kuulizia ada ya mtoto. Ukiwa katika kundi la kwanza na hutaki kutoka, kazi hii itakutesa, na wewe utawatesa watu.

Hudhuria pia mkutano wa wazi wa Alcoholics Anonymous au Narcotics Anonymous, vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha pombe au dawa. Mkutano wa wazi yeyote anaruhusiwa kukaa. Alcoholics Anonymous, iliyoleta mfumo wa hatua kumi na mbili, ilizaliwa Marekani, katika jimbo la Ohio, mwaka 1935 kwa walevi wa pombe, na nyumba nyingi za upataji nafuu za Unguja, ambamo waraibu huishi pamoja wakijifunza kuacha, zinaendeshwa kwa misingi ya mfumo huo. Kaa nyuma. Usiandike chochote. Ukitoka, usimsimulie mtu uliyemwona.

Baada ya miezi michache ya Jumamosi hizo, jiangalie unavyorudi nyumbani. Kuchoka ni kawaida. Lakini ukijikuta unarudi na hasira na wateja, au ukianza kuwapa namba yako ya simu ya nyumbani na nauli kutoka mfukoni, zungumza na mkuu wa kituo kabla hujatia sahihi fomu ya chuo.

Hatua ya tatu: hesabu ya pesa, na nyumbani wajue

Hii nitaipita haraka kwa sababu kila mtu anajua mfuko wake. Usiache kazi ili usome. Soma jioni, wikendi au kwa mtandao hadi ufike mafunzo ya vitendo, ambayo ndiyo hula muda wa mchana. Wakati huo uwe na akiba ya matumizi ya nusu mwaka, sako au chama kiwe kimeshajua. Mshahara wa kuanzia kwenye vituo vya binafsi ni mdogo, na aliyetoka benki ataona ameshuka ngazi. Kaa na mwenzio mkubaliane juu ya karo za watoto kabla, si baada.

Hatua ya nne: chagua masomo

Tangu 2014 Kenya inayo sheria ya washauri na wanasaikolojia, iliyounda Bodi ya kuwasajili. Maana yake ni kwamba cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu hakikupi ruhusa ya kutoza watu pesa. Kwa hiyo swali la kwanza si "kozi ni bei gani". Swali ni: je, Bodi inakitambua cheti hiki, na kitaniingiza katika daraja gani la usajili? Waulize Bodi wenyewe, kwa maandishi, uweke jibu. Vyuo vya uchochoroni vinavyofundisha "saikolojia" kwa wiki sita vipo tele, na wateja wao wakubwa ni watu wazima wenye haraka.

Ukishajua hilo, una njia mbili za kuchanganya. Moja ni ushauri nasaha wa jumla, kuanzia diploma hadi shahada, unaokupa msingi wa kusikiliza, nadharia, maadili na mafunzo ya vitendo. Ya pili ni mafunzo maalumu ya uraibu. Nairobi kuna SAPTA, shirika ambalo limekuwa likifundisha washauri wa uraibu kwa muda mrefu. Pia kuna mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu ulioandaliwa chini ya Colombo Plan, shirika la ushirikiano la nchi za Asia na Pasifiki, unaofundishwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Mafunzo yake ya msingi yamepangwa katika sehemu nane: jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, ngazi za tiba, magonjwa yanayoambatana na uraibu, stadi za ushauri, tathmini na mpango wa tiba, usimamizi wa kesi, dharura, na maadili. Ukimaliza unaweza kufanya mtihani wa kimataifa unaoitwa ICAP, wenye madaraja. Nakusihi usianze na ICAP ukaacha diploma. Mtihani huo unakuongezea hadhi, lakini hauchukui nafasi ya usajili wa nyumbani. Jiunge pia na ISSUP, chama cha kimataifa cha watu wa fani hii. Kina tawi la Kenya na masomo mengi ya mtandaoni ya bure.

Sasa makaratasi. Diploma nyingi hutaka C minus ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya. Lakini KCSE ya kwanza ilifanywa 1989, na baadhi yetu tuna KCE au KACE, mitihani ya zamani ya kidato cha nne na cha sita, ambazo karani wa udahili aliyezaliwa juzi hajawahi kuziona. Usigombane naye. Nenda na cheti halisi, umwombe apeleke swali kwa msajili wa chuo. Kama cheti kimepotea au kililiwa na mchwa, anza safari ya KNEC, baraza la mitihani, mapema, kabla hata ya kuchagua chuo. Na jina la kwenye cheti likitofautiana na la kitambulisho kwa sababu uliolewa, ulisilimu au karani wa zamani alikosea herufi, tafuta kiapo cha wakili sasa hivi. Nimeona watu wakikosa muhula mzima kwa herufi moja.

Kwa msomaji wa Tanzania: wengi huingia kupitia ustawi wa jamii, uuguzi au saikolojia, na Chuo Kikuu Huria humfaa aliye kazini. Msimamizi wa mambo ya dawa za kulevya Bara ni DCEA, mamlaka ya kudhibiti dawa hizo, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Zanzibar ina mamlaka yake. Kwenye nyumba za upataji nafuu utaanzia kwa kujitolea, kama nilivyoeleza.

Hatua ya tano: acha kutoa mawaidha

Hapa ndipo tunapofeli sisi watu wazima, na ndipo kijana wa miaka 24 anapotupita darasani. Maisha yote tumekuwa tukiitwa kwenye vikao vya ndoa, tumesuluhisha, tumekemea, tumewaambia watoto wa watu njia. Tumeishia kuamini kwamba mtu akikosea, dawa ni kumwambia. Mraibu ameshaambiwa. Ameambiwa na mama yake, imamu, mchungaji, chifu, polisi, na mwalimu mkuu aliyemfukuza. Hakuna jipya utakalomwambia wewe.

Chukua kijana mmoja wa kutunga, miaka 27, kibarua wa kupakia malori, anayetumia unga na kuogopa arosto, yaani mateso ya kukosa dawa mwilini. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, goti linacheza, anajikuna mkono.

"Mama, mimi nataka kuacha. Lakini si wiki hii."

Mzazi aliye ndani yako atarukia hapo hapo: utaacha lini mwanangu, hadi uzikwe, mamako analia kila siku. Kila neno ni kweli, na kila neno linamfanya ajitetee. Akishajitetea, anakuwa wakili wa unga, wewe wakili wa kuacha, na mtu hushikilia upande alioutetea kwa sauti. Mtindo wa mahojiano ya kuhamasisha, ulioanza kuelezwa na mwanasaikolojia Mmarekani William Miller mwaka 1983, umejengwa juu ya jambo hilo: sababu za kuacha zitoke kinywani mwa mteja mwenyewe. Kwa hiyo unamrudishia alichosema, bila kukiongezea chumvi:

"Unataka kuacha, na wiki hii kuna jambo."

Kimya. Kiache kimya kikae, hata kikikuuma.

"Ijumaa tunalipwa. Nikianza sasa nitashikwa na arosto mbele ya msimamizi."

"Kazi hiyo unaijali."

"Ndiyo iliyobaki, mama."

Sasa una kitu. Hukupata ahadi ya kuacha, umepata kazi iliyobaki, na yeye ndiye aliyeitaja. Kutoka hapo mnaweza kuzungumza kama kliniki ya methadoni inafungua kabla ya zamu yake, au kama msimamizi ana moyo wa kumpa ruhusa. Fanya zoezi hili nyumbani na mtu yeyote, hata juu ya chumvi au sukari anayokatazwa na daktari. Jizuie kumpa ushauri kwa dakika kumi. Utaona zilivyo ndefu.

Heshima ya umri itumie vizuri, usiitupe. Mzee wa miaka hamsini anayekunywa mnazi tangu alfajiri hatamfungulia moyo kijana wa rika la mjukuu wake. Atakufungulia wewe, ukimwamkia kama inavyopasa na kumpa kiti chenye mgongo.

Hatua ya sita: ujue mwili, na ujue mpaka wako

Wewe si daktari, lakini usipojua mambo matatu haya mtu atakufia mikononi.

La kwanza: pombe ikikatwa ghafla kwa mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku, inaweza kuua. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Kuanguka kama mwenye kifafa kunaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kisha, siku ya pili hadi ya nne hivi, wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Huyo hafungiwi chumbani aombewe peke yake. Anapelekwa hospitali. Familia nyingi huamini kwamba unga ndio wa kuogopwa na pombe ni ya kulala ikaisha, na katika jambo hili wamegeuza.

La pili: arosto ya heroini ni mateso makali, mwili unauma, tumbo linaharisha, usingizi hauji. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine si kawaida kumuua, mradi anywe maji. Hatari yake kubwa huja baadaye. Aliyekaa safi rumande, kituoni au kijijini mwili umesahau kipimo cha zamani. Akitoka na kutumia kiasi kile kile alichokizoea, pumzi inakata. Kwa hiyo mazungumzo ya siku ya kumuaga mtu anayetoka kituoni lazima yataje jambo hili waziwazi, hata kama familia itaona unamchuria. Naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini, ujue inapatikana wapi karibu nawe.

La tatu: anayetumia methadoni akichanganya na pombe au bugizi (vidonge vya usingizi) anacheza na pumzi zake. Uliza kila mara, kwa sauti ile ile unayoulizia chakula.

Jifunze pia vipimo vya maswali. AUDIT ya Shirika la Afya Duniani ina maswali kumi juu ya pombe, alama zake zinafika 40. Kuanzia 8 kuna hatari, kuanzia 20 fikiria utegemezi. Shida ni kwamba inahesabu "kinywaji", na mteja wako wa Kilifi anakunywa mnazi kwenye mboko (kibuyu) kwa mrija, wa Nairobi anapima chang'aa kwa glasi isiyojulikana ujazo. Weka vyombo vitatu vinne mezani, aonyeshe kwa kidole. Utapata jibu la kweli kuliko fomu.

Hatua ya saba: vitendo chini ya msimamizi

Chuo kitakutaka saa za vitendo. Chagua mahali penye msimamizi anayekaa nawe kila wiki kusikiliza kesi zako, si anayetia sahihi tu mwisho wa muhula. Andika maelezo siku hiyo hiyo: alichosema mteja, ulichokiona, unavyoipima hali, mnachofanya kikao kijacho. Andika ukijua mteja anaweza kuomba kuyasoma. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo daftari haliachwi kwenye matatu, na kesi hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa hata ukiondoa jina. Mtaa ni mdogo. "Yule fundi cherehani wa karibu na stendi" ni jina tosha.

Mteja atakuuliza kama utamwambia mkewe. Mwambie mpaka wa siri tangu kikao cha kwanza: yanabaki hapa, isipokuwa kuna hatari kwa maisha yake, ya mtu mwingine au ya mtoto. Usisubiri akishamwaga ndipo umwambie.

Hatua ya nane: usajili na kutafuta kazi

Peleka maombi Bodi mara tu unapopata cheti, uweke kumbukumbu ya kuhuisha leseni. Halafu tembelea waajiri: vituo vya kurekebisha, kliniki za methadoni, mashirika ya VVU, shule, magereza, kampuni zenye mpango wa kusaidia wafanyakazi. Huko kwenye kampuni ndiko kazi yako ya zamani itakusaidia. Aliyekuwa afisa wa bandari anaijua lugha ya wapakiaji kuliko mhitimu yeyote. Namba za bure nazo huhitaji washauri wa kupokea simu: NACADA 1192, na Tanzania DCEA 119. Zihifadhi kwenye simu yako hata kama hutaajiriwa huko.

Kabla hujakubali kazi ya kituo cha binafsi, omba kulala hapo usiku mmoja au angalau kukaa hadi saa tatu za usiku. Uliza nani anashika funguo za dawa. Uliza mteja mwenye kifafa cha pombe anapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Uliza mteja akitaka kuondoka leo anafanywaje. Angalia kama milango ya vyumba inafungwa kwa nje. Omba kuona fomu ya malalamiko ya wateja, na ile iliyojazwa mara ya mwisho. Wakikujibu kwamba hapa hawahitaji fomu kwa sababu ni familia moja, chukua mkoba wako ukaulize kituo kingine.